Usifute Kwanza: Akaunti Ngeni Kwenye Kompyuta ya Nyumbani

Hotuba hii ilitolewa Mbeya mjini mbele ya wazazi, walimu, wenye steshenari na mafundi kompyuta. Tumeiweka yote hapa kwa ajili ya waliokosa kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani tumeziacha. Amri tumeziandika kama zinavyochapwa.

Ndugu Mwenyekiti, walimu, wazazi, wenye steshenari wa Mwanjelwa, Kabwe na Uyole, na ninyi vijana mafundi mliosimama kule nyuma. Shikamooni wakubwa, na wengine habari za asubuhi. Kamwene kwa mliopanda basi kutoka Makambako na Mafinga na baridi yote hii. Ndaga fijo kwa kutupokea.

Jambo lililotukutanisha ni hili. Unawasha kompyuta ya nyumbani, unaona jina. Si lako, si la mwenzako, si la mtoto. Au hujaona chochote pale mbele, lakini siku moja unafungua folda ya Users unakuta kuna folda ya mtu usiyemjua. Moyo unaruka. Nani huyu? Ameingiaje? Ameona nini? Na mkono unafanya nini? Mkono unakimbilia kufuta.

Leo naiomba mikono hiyo isubiri. Usifute kwanza. Uliza maswali matatu: nani aliiunda akaunti hii, lini, na ina madaraka gani? Ukipata majibu ya haya matatu utajua kama una mwizi ndani, au una jambo la kawaida kabisa ambalo hakuna aliyewahi kukueleza. Ukifuta kabla ya kuuliza, unapoteza majibu yote matatu kwa mpigo mmoja.

Tuanze na habari njema. Majina mengi yanayowatisha watu hayakuletwa na mwizi. Yalikuja na Windows yenyewe.

Nenda kwenye kisanduku cha kutafutia, chapa cmd, bofya jibu lake kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua Run as administrator. Dirisha jeusi likifunguka andika maneno mawili tu: net user. Bonyeza Enter. Kwenye Windows 10 au 11 iliyopigwa leo, yaani iliyosakinishwa leo, hata kabla hujafungua barua pepe moja, utakuta majina manne ambayo hukuyaweka wewe: Administrator, DefaultAccount, Guest na WDAGUtilityAccount. Hilo la mwisho ndilo linalotisha kuliko yote, maana halifanani na jina la mtu wala la kitu. Lilitengenezwa kwa ajili ya Application Guard, kinga ya Microsoft iliyokuwa inafungua kivinjari kwenye sehemu iliyotengwa ili ukurasa mbaya usiguse kompyuta nzima. Si mtu. Hajaingia mtu. Akaunti zote nne kwa kawaida zimezimwa, zimelala, hakuna anayeweza kuingia kwa kuzitumia.

Lakini mtaniuliza, na mna haki: mwizi hawezi kujiita DefaultAccount? Jina lenyewe lilivyo halimruhusu, kwa sababu limeshachukuliwa. Ila anaweza kuandika DefaultAcount, yenye c moja. Nani kati yetu angeiona hiyo c iliyopungua? Ndiyo maana jina halitoshi. Kila akaunti ina namba yake ya utambulisho, inaitwa SID. Jina hubadilishwa wakati wowote, namba haibadiliki. Fungua PowerShell, dirisha jingine la kuchapa amri, andika:

Get-LocalUser | Select Name, Enabled, SID

Tazama tarakimu za mwisho za kila namba. Administrator halisi huishia 500. Guest huishia 501. DefaultAccount 503. WDAGUtilityAccount 504. Akaunti zilizoundwa baadaye, na wewe au na fundi au na mwizi, huanzia 1000 kwenda juu. Kwa hiyo ukimkuta anayejiita kwa jina la mfumo huku namba yake inaishia 1004, huyo umemkamata. Na kwenye safu ya Enabled, wale wanne wa mfumo wasome False. Ukikuta ile ya 500 inasoma True na hukuiwasha wewe, kuna aliyeiwasha, na swali la kwanza aulizwe fundi.

Kuna nyingine inaitwa defaultuser0. Hiyo hubaki nyuma pale usakinishaji wa Windows usipomaliza kujisafisha. Haina madhara. Kwenye kompyuta za zamani zenye Windows 7 mtaikuta HomeGroupUser$, ya kushirikishana mafaili nyumbani. Kadi za picha za NVIDIA kuna wakati zilikuwa zinaunda UpdatusUser kwa ajili ya kujisasisha. Programu ya hifadhidata ya PostgreSQL kwa miaka mingi iliunda mtumiaji anayeitwa postgres. Hawa nawapita haraka, maana ukitafuta jina pamoja na programu ulizonazo utampata mwenyewe.

Folda ndizo nataka nikae nazo kidogo, kwa sababu folda zimeleta hasara kubwa kuliko akaunti.

Chukueni katibu wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa, kule Mbozi. Kompyuta ni yake, ya nyumbani, lakini humo ndimo ziliko orodha za wakulima, kilo walizoleta na malipo yao. Amefungua C, kisha Users, ameona folda inaitwa kahaw. Kahaw ni nani? Hana mtoto wa jina hilo, wala jirani. Akasema nimeingiliwa. Akaingia kwa akaunti nyingine ya mwanawe, akaichagua folda, akabonyeza Shift na Delete. Windows ikamwomba ruhusa, akakubali.

Mnajua folda ile ilikuwa ya nani? Ilikuwa yake. Barua pepe yake inaanza na neno kahawa. Ukianzisha Windows kwa akaunti ya Microsoft, yaani kwa barua pepe, mfumo hauchukui jina lako lote kuliita folda. Huchukua herufi tano za mwanzo za barua pepe. Kahawa ikawa kahaw. Upendo angekuwa upend. Na ndani ya folda hiyo ndimo Desktop yake, Documents yake, na msimu mzima wa mizani. Alipoingia tena kwenye akaunti yake Windows ilimpa eneo la muda, tupu, lenye folda inayoitwa TEMP. Akazidi kuamini ameibiwa! Hakuna aliyemwibia. Na kwa kuwa alitumia Shift na Delete, mafaili hayakupita kwenye pipa la kurejeshea.

Je, angefanyaje? Angefungua dirisha jeusi akiwa ndani ya akaunti yake, akaandika: echo %userprofile%. Kompyuta ingemjibu C:\Users\kahaw. Basi. Amri moja tu.

Vivyo hivyo na folda za Public, Default na All Users: ni za mfumo. Na ukibofya folda yoyote ukatazama sehemu ya Security, ukakuta mstari unaosema Account Unknown ukifuatiwa na S-1-5-21 na tarakimu ndefu, hiyo kwa kawaida ni alama ya akaunti iliyowahi kuwapo ikafutwa. Ruhusa yake imebaki, mwenyewe hayupo. Ikianza na S-1-15-3, usiiguse kabisa. Hizo ni ruhusa za programu za Windows zenyewe. Hazionyeshi jina kwa sababu hazikuundwa ziwe na jina. Ukizifuta, vitu vinaacha kufanya kazi na hutajua kwa nini.

Sasa tuje kwenye zile za hatari. Ndugu zangu, naomba tusikilizane hapa, kwa sababu nitagusa biashara za watu waliomo humu ndani. Akaunti ya hatari kwenye kompyuta ya nyumbani mara nyingi haikuvunja mlango. Tuliifungulia sisi.

Tuliifungulia vipi? Wapo wanaofungua kwa kompyuta ya mtumba. Laptopu imetoka Ulaya, imepita Dar es Salaam, imefika Mbeya, na aliyeiuza hakuifuta vizuri. Andika net localgroup administrators uone nani ana madaraka ya msimamizi. Ukikuta humo namba zinazoanza na S-1-12-1, kompyuta hiyo imeunganishwa na akaunti ya kazini au shuleni, na wasimamizi wa taasisi fulani wana madaraka juu yake. Ingia Settings, kisha Accounts, kisha Access work or school. Kama kuna taasisi imeandikwa pale na wewe si mfanyakazi wake, kompyuta ipigwe Windows upya. Na kama baada ya kupiga upya, ikiunganishwa na intaneti tu inakudai uingie kwa barua pepe ya kampuni fulani, basi bado imesajiliwa kwao. Irudishe kwa aliyekuuzia na udai hela yako. Usilipe mtu akukwepeshee hapo, maana hujui kama iliuzwa kihalali au iliibwa.

Wapo wanaofungua kwa Windows iliyokrakiwa, yaani iliyochezewa ili itumike bila leseni. Unajua ni nani aliyetengeneza ile flashi? Aliyekupigia Windows hajui. Aliyempa yeye hajui. Mtu fulani mahali fulani alichukua Windows, akaifungua, akabadilisha anachotaka, akaifunga tena. Anaweza kuweka akaunti yenye madaraka, anaweza kuzima Defender, kinga ya Windows dhidi ya virusi, na wewe ukaipokea ikiwa hivyo tangu siku ya kwanza. Na zile programu za kuwezesha leseni, mmeona sharti lao la kwanza? Zima kinga. Kisha iendeshe kama msimamizi. Umezima kinga na umempa mgeni madaraka yote, kwa mkono wako. Akaunti ngeni utakayoiona baada ya hapo ndiyo sehemu ndogo kabisa ya yaliyofanyika.

Na kwa nini tuteseke na za kukraki? Laptopu nyingi za mtumba zilizotengenezwa tangu enzi za Windows 8 zina leseni yake halali imehifadhiwa ndani ya ubao mama. Ukipakua Windows ya Microsoft yenyewe, toleo lilelile, Home kwa Home au Pro kwa Pro, ikaunganishwa na intaneti, mara nyingi inajiwezesha bila kuulizwa namba. Mafundi, jaribuni hilo kwanza kabla ya kutoa flashi mfukoni. Mteja wako anastahili.

Halafu kuna akaunti ya fundi. Hii nitaieleza kwa steshenari.

Tuseme steshenari ya hapa Uyole, kompyuta mbili, printa, mashine ya kutoa kopi. Kila siku wanafunzi wanajaza maombi ya mkopo ya HESLB, watu wanaleta namba za NIDA, vyeti vya kuzaliwa, vyeti vya kidato cha nne. Vyote vinaskaniwa, vinabaki kwenye kompyuta. Fundi aliitengeneza mashine ikaharibika tena, akachoka kuomba nywila kila mara, akaunda akaunti inaitwa Tech. Imo kwenye kundi la Administrators. Haina nywila, au nywila yake ni 1234. Akaweka na AnyDesk yenye nywila ya kudumu ili asaidie akiwa mbali. Hakuwa na ubaya. Alitaka kazi iende. Lakini karakana yake ilikuwa na kijana anayejifunza, na yule kijana aliijua nywila. Kijana ameondoka. Nywila imebaki ileile.

Mwenye steshenari akiiona Tech anasema, ah, ni ya fundi. Anaiacha. Je, anajua Tech inaweza nini? Akaunti yenye madaraka ya msimamizi inafungua folda za watumiaji wengine wote. Windows inauliza tu kama unataka kuendelea, unabofya Continue, umeingia. Inazima Defender. Inabadilisha nywila yako wewe mwenye kompyuta. Inaweka programu ya kunasa kila unachochapa, kuanzia nywila ya barua pepe hadi ya TRA. Na vyeti vilivyomo si vyake wala si vyako. Ni vya watoto wa watu. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika, mnaokusanya taarifa za watu mna wajibu wa kuzilinda. Skani ya mteja aliyeshachukua karatasi zake inafanya nini kwenye mashine yako hadi leo? Ile ndiyo mnayopaswa kufuta bila kusubiri.

Mafundi, sisemi msiunde akaunti. Unda, fanya kazi, kisha mbele ya mteja iondoe, na umwonyeshe kuwa imeondoka. Mteja naye aulize kabla ya kulipa: umeacha akaunti gani humu?

Na simu. Mtu anapiga, anajitambulisha kuwa ni wa Microsoft, au wa kampuni ya intaneti, anasema kompyuta yako ina virusi. Anakuelekeza ufungue Event Viewer, daftari la matukio ya Windows, unaona mistari myekundu mingi, unaingiwa na hofu, unamruhusu aingie. Nisikilizeni: mistari myekundu kwenye Event Viewer ni ya kawaida. Kompyuta nzima kabisa, mpya kabisa, inayo. Microsoft hawampigii mtu simu bila yeye kuwaomba.

Mwenyekiti, sasa naomba niwapeleke mbali kidogo, Marekani, mwaka 1986, kwa sababu hakuna tukio linalofundisha jambo hili kama lile.

Kwenye maabara ya Lawrence Berkeley, California, matumizi ya kompyuta yalikuwa yanalipiwa kwa muda. Hesabu za mwezi zikapishana kwa senti 75 za dola. Senti 75! Nani angehangaika? Kazi ya kutafuta kosa alipewa mwanafalaki mmoja aliyekuwa amehamishiwa kwenye kompyuta, Clifford Stoll. Akafuatilia, akakuta kuna mtumiaji anaitwa Hunter. Hakuna aliyemjua, na hakuwa na anwani ya kupelekewa bili. Wakafanyaje? Wakamfuta.

Je, iliisha? Haikuisha. Yakaja malalamiko kutoka kompyuta nyingine huko nje: kuna mtu wa kwenu, Berkeley, anajaribu kuingia kwetu. Hunter ameshafutwa, huyu ni nani tena? Walipotazama wakakuta safari hii inatumika akaunti ya Sventek, mtu halali kabisa, aliyekuwa amekwenda Uingereza na hakuwa akiitumia. Mvamizi alikuwa anatumia kasoro ya programu kujipa madaraka ya juu, na mwenye madaraka ya juu anaunda akaunti anapotaka na kuamsha iliyolala anapotaka. Hunter alikuwa jina tu.

Stoll hakufuta tena. Alirekodi kila kilichochapwa, akaweka mafaili ya chambo, na baada ya miezi mingi laini ya simu aliyokuwa anaingilia mvamizi ikafuatiliwa mpaka Hannover, Ujerumani Magharibi, kwa kijana anayeitwa Markus Hess, aliyekuwa anauza taarifa kwa KGB, shirika la ujasusi la Muungano wa Kisovieti. Mwaka 1990 alitiwa hatiani.

Mmeona palipo na somo? Kufuta jina ni kumtoa mtu sebuleni huku dirisha alilopitia liko wazi. Na aliporudi hakuhitaji hata kuunda akaunti mpya. Alitumia ya mtu aliyeondoka. Ninyi mnazo ngapi za namna hiyo? Akaunti ya mtoto aliyekwenda chuo Dodoma, akaunti ya msaidizi wa duka aliyeacha kazi mwaka juzi, zote zina nywila ambayo wengine wanaijua. Akaunti iliyolala ni nzuri kwa mwizi kuliko ngeni, kwa sababu jina lake halikushtui.

Lakini ninyi si maabara. Msijaribu kumvizia mtu kwa miezi. Fanyeni hivi.

Umeona jina usilolijua na namba yake inaishia 1000 au zaidi. Kata intaneti: zima Wi-Fi, chomoa modemu, zima hotspot ya simu. Kompyuta usiizime. Chukua simu upige picha za kioo, moja baada ya nyingine: net user, kisha net localgroup administrators, kisha net user likifuatiwa na jina lenyewe, kwa mfano net user tech. Hii ya mwisho ina mistari minne ya kusoma kwa makini. Account active, yaani iko hai au imezimwa. Password last set, mara nyingi hukaribiana na siku iliyoundwa. Last logon, mara ya mwisho kuingia; ikisema Never, hajawahi kuingia. Na Local Group Memberships, makundi aliyomo. Msitegemee net user peke yake, kwa sababu inaweza kuruka akaunti ambayo jina lake limeishia na alama ya dola. Wala msitegemee kioo cha kuingilia, maana akaunti inaweza kufichwa isionekane pale. Ile amri ya PowerShell niliyowapa inaonyesha zote.

Sasa, nani aliiunda na lini? Kwenye kisanduku cha kutafutia chapa eventvwr.msc, ifunguke ile Event Viewer. Fungua Windows Logs, kisha Security, bofya Filter Current Log, andika namba 4720. Kila akaunti inapoundwa, Windows huandika tukio la 4720, lenye jina la aliyeunda juu na la aliyeundwa chini. Namba 4732 inasema ameongezwa kwenye kundi, na hapo ndipo anapopewa madaraka. Namba 4624 ni kuingia. Humo tafuta Logon Type. Ikiwa 2, aliketi mbele ya kompyuta hiyohiyo. Ikiwa 10, aliingia kwa Remote Desktop akiwa mbali. Ukikuta 1102, daftari la matukio limefutwa, na kama si wewe wala fundi wako, mtu alikuwa anaficha nyayo.

Mambo mawili huwapotosha watu hapa. Daftari hilo kwa kawaida lina nafasi ya MB 20 tu; likijaa, mapya yanafuta ya zamani, kwa hiyo ukichelewa wiki kadhaa ushahidi umekwenda. La pili, betri ya saa. Kompyuta nyingi za mtumba betri yake ndogo ya CR2032 imekufa. Umeme ukikatika, saa inarudi nyuma miaka. Utaona akaunti imeundwa mwaka 2009 kumbe ni Jumanne iliyopita. Angalieni tarehe ya matukio ya juu na ya chini yake kabla ya kumtuhumu mtu.

Na tafadhali, kabla ya kumtuhumu mtu, waulizeni wa nyumbani. Mtoto wa kidato cha pili anaweza kuunda akaunti ili aweke mchezo, na 4720 itakuambia iliundwa kwa jina lako, saa kumi jioni, ukiwa shambani. Hilo ni tatizo la nywila yako, si la mdukuzi.

Umepata picha, sasa izime. Usifute, izime: net user tech /active:no. Kisha itoe kwenye madaraka: net localgroup administrators tech /delete. Msiogope neno delete hapo. Linamtoa kwenye kundi tu, akaunti na mafaili yake vinabaki. Lakini kabla ya hayo hakikisha akaunti yako wewe imo kwenye kundi la Administrators na unaijua nywila yake. Kompyuta inayobaki bila msimamizi hata mmoja aliye hai inakufungia nje ya mipangilio yako mwenyewe, na hapo tutakuwa tunazungumzia kupiga Windows upya kwa sababu ya haraka.

Kwa nini kuzima na si kufuta? Ukifuta kupitia Settings, mafaili yake yanakwenda pamoja naye. Kama ni mwizi, umefuta ushahidi. Kuingia kwenye kompyuta ya mtu bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na ukienda polisi utahitaji cha kuonyesha. Kama si mwizi, ulichofuta ni picha za harusi ya shemeji.

Kisha mtafute alikopitia. Kwenye orodha ya programu tazama AnyDesk, TeamViewer, UltraViewer, usiyoitumia iondoke. Kwenye Settings, System, tazama Remote Desktop. Toleo la Home halina uwezo wa kupokea Remote Desktop, kwa hiyo Home inayopokea imechezewa. Fungua Task Scheduler, ratiba ya kazi zinazojiendesha zenyewe, uone kama kuna kazi inayoiunda akaunti upya kila kompyuta inapowaka. Ndiyo sababu wengine wanafuta jioni na asubuhi imerudi. Nenda kwenye kioo cha kuingilia, kabla ya kuweka nywila, bonyeza Shift mara tano. Kinapaswa kutokea kisanduku cha Sticky Keys. Likitokea dirisha jeusi la amri, kuna mtu amebadilisha faili la mfumo ili aingie bila nywila, na kompyuta hiyo usiiamini tena. Mwisho endesha Microsoft Defender Offline scan. Kompyuta itajizima na kuwaka, na ukaguzi huchukua takriban dakika 15.

Nywila badilisha ukitumia kifaa kingine ambacho ni safi, ukianza na barua pepe, kwa sababu barua pepe ndiyo inayofungua nyingine zote.

Na kama akaunti ilikuwa na madaraka, iliwahi kuingia, na hakuna aliyeweza kuieleza? Piga Windows upya. Nimesema kuipiga upya. Kusafisha hakutoshi, kwa sababu mwenye madaraka ya msimamizi angeweza kuacha kitu popote na hutakimaliza kukitafuta. Nakili nyaraka na picha tu, programu usinakili. Chukua flashi ya angalau GB 8, itengenezwe kwenye kompyuta nyingine kwa Media Creation Tool ya Microsoft. Jiandaeni na bando, Windows 11 inazidi GB 5. Na walio bado kwenye Windows 10 wajue msaada wake wa kawaida ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 7 ulikoma Januari 2020. Kama unapiga upya na mashine inaweza 11, usirudi nyuma.

Ikishawaka upya, unda akaunti mbili. Moja ya msimamizi, yenye nywila unayoijua wewe, ya kuweka programu tu. Nyingine ya kawaida, Standard user, ya kazi za kila siku, na watoto wapewe za aina hiyo. Mtoto akitaka kuweka mchezo, Windows itadai nywila ya msimamizi, na atalazimika kuja kukuuliza.

Nimeona laptopu nyingi mmekuja nazo. Zifungueni sasa, umeme upo kwenye kuta zote mbili. Mafundi wa kule nyuma mtagawanyika, mmoja kila safu. Tunaanza na net user, halafu net localgroup administrators. Ukiona jina usilolijua, toa mkono kwenye kibodi, unyooshe juu, fundi atakuja.